Kulala Hotelini Mjini Kwenu

Nianze kwa kukiri kosa, halafu tujadiliane kama kweli lilikuwa kosa.

Mwaka juzi, msimu wa pamba, nilikwenda Bariadi kwenye msiba wa mume wa shangazi yangu, nikalala hotelini. Nyumba ya msiba haikuwa mbali, dakika kumi tu kwa bodaboda. Wala hakuna aliyenifukuza. Nilishuka stendi saa nne usiku, nikiwa ndani ya basi tangu alfajiri: Dar es Salaam, Dodoma, Singida, Shinyanga, Maswa, hadi miguu ikajaa viatuni. Mazishi yalishafanyika siku hiyo mchana, sikuyawahi. Nikasimama pale na begi langu, nikaiwaza nyumba iliyojaa waombolezaji, nikaona hoteli mpya inawaka taa ng'ambo ya barabara. Nikavuka. Nikalipia siku mbili.

Swali langu ni hili: je, ni haki mtu kulala kwa pesa kwenye mji ambao ana ndugu wa kumlaza bure? Najua wako wasomaji watakaosema hili siyo swali la kifalsafa, ni swali la mfuko: ukiwa na hela, lala unapotaka. Na wako watakaosema jibu linajulikana tangu enzi: aliyefika msibani akalala gesti hakufika msibani. Nimekaa na maneno haya mawili kwa muda sasa, na hakuna hata moja linaloniridhisha.

Kwanza mjue ni nyumba gani niliyoikwepa. Nilisoma sekondari Bariadi nikikaa kwa shangazi, kidato cha kwanza hadi cha nne. Nililala chumba cha uani, kwenye kitanda cha chuma cha futi tatu na nusu ambacho kilipiga kelele kila nilipogeuka. Marehemu, ambaye nilimwita baba, ndiye aliyenilipia ada mwaka ambao pamba ya baba yangu mzazi ilikosa bei. Hakuwahi kunikumbusha. Kwa hiyo nilipovuka barabara usiku ule sikuwa nakwepa ndugu wa mbali niliyemjua kwa jina tu. Nilikuwa nakwepa watu walionilisha michembe na maziwa ya mgando kwa miaka minne.

Hoteli yenyewe sitaitaja jina, maana haikunikosea kitu. Niseme tu kwamba ilinishangaza. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, hoteli ni pale unapokula wali maharage. Pa kulala ni gesti. Na gesti za Bariadi ya ujana wangu nilizijua: kitanda, ndoo, kipande cha sabuni, na kandambili zilizokatwa pembe ili mpangaji asiondoke nazo. Lakini mji umebadilika. Mwaka 2012 Simiyu ilifanywa mkoa, Bariadi ikawa makao makuu. Kuanzia 2018, kwa miaka mitatu mfululizo, sherehe za kitaifa za Nane Nane zilifanyika hapo Nyakabindi. Sensa ya 2022 ikahesabu watu zaidi ya milioni 2 mkoani. Mji unaopokea maofisa, wanunuzi wa pamba, mafundi na watalii waliopotea njia ya Serengeti lazima uwe na vitanda vya watu wasio na shangazi.

Na hii haikuwa na vitanda tu, ilikuwa na mzaha. Viti vya mapokezi vilikuwa vyeupe, vya mviringo, mithili ya pamba iliyopasuka. Ukutani taa za rangi ziliandika MWANGALUKA, salamu yetu ya asubuhi, na ilikuwa saa nne usiku. Vyumba havikuwa na namba, vilikuwa na wanyama: mimi nilipewa Nyumbu. Kibao cha kuning'iniza mlangoni upande mmoja kilisema "Nimelala kama kiboko", upande wa pili "Njoo utandike". Ngazi nazo zilichorwa vitendawili, kila ngazi na chake, majibu yakiwa yameandikwa juu kabisa. Nyumba yangu haina mlango. Yai. Nilipanda nikijibu kimoyomoyo na kutabasamu peke yangu, mtu mzima, nguo za msiba zimo begini.

Jambo moja tu lilinikwaza, tena halikuwa la kisasa. Ni kitabu cha wageni, daftari lile lile kubwa la mistari ninalolijua tangu zamani: jina, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda. Nikaandika Msukuma. Nikaandika Dar es Salaam. Kwenye "unakokwenda" kalamu ikasita. Mwishowe nikaandika Bariadi. Binti wa mapokezi akasoma, akacheka kwa upole: "Bariadi si ndiyo hapa, kaka?"

Nikalala fofofo.

Sasa niutetee upande wangu, maana una utetezi, tena siyo wa kitoto. Ukarimu tunaousifu kwenye methali na hotuba una mtu anayeubeba, na mtu huyo mara nyingi ni mwanamke. Mgeni akifika saa nne usiku, mwenye nyumba husema "karibu", halafu mwanamke ndiye anayewasha moto. Yeye ndiye anayechota maji ya kuoga, anayeamsha watoto wahamie mkekani, anayeficha kwamba unga ulikuwa wa kesho. Nimeishi kwenye nyumba ile. Nimemwona shangazi akila ukoko siku za wageni na kusema hana njaa. Na usiku ule alikuwa mjane wa siku chache, ana watu zaidi ya thelathini uani na choo kimoja. Mtu wa thelathini na moja, tena mwenye mgongo wa ofisini, angekuwa msaada au mzigo? Nilijiambia: kulala hotelini ni kumhurumia.

Kuna utetezi mwingine, mzito zaidi. Undugu si salama kwa kila mtu. Kanda yetu ya ziwa inajua vizuri: hapa wamewahi kuuawa bibi vizee kwa sababu ya macho mekundu na uvumi wa uchawi, na uvumi huo mara nyingine ulianzia ndani ya ukoo wenyewe. Kwa mtu aliyekataliwa na wa kwao, mlango unaofunguka kwa pesa bila kuuliza "wewe ni wa kwa nani?" si dharau kwa utu. Ni wokovu. Hoteli haijali ukoo wako. Inakupokea kwa kuwa umelipa, kama itakavyompokea adui yako akilipa. Katika hilo kuna haki ambayo nyumba za ndugu hazina.

Mwanafalsafa wa Ujerumani Immanuel Kant, katika andiko lake la 1795 kuhusu amani ya kudumu, aliweka mpaka hapo hapo. Kwake, mtu yeyote anapofika nchi ya wengine ana haki ya kutofanyiwa uadui, basi. Haki ya kukaribishwa nyumbani kama mgeni hana. Hiyo inahitaji makubaliano maalumu. Nadhani Kant angeielewa hoteli haraka sana. Hoteli ni makubaliano maalumu yaliyoandikwa kwenye risiti.

Wala tusidanganyane kwamba zamani pesa na ukarimu havikujuana. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi ya pekee. Meli ikitia nanga, vijana huiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, humpa mfanyabiashara mmojawapo na kutangaza: huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mfanyabiashara yule hulala kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia bidhaa na kumnunulia. Biashara tupu, utasema. Lakini ona kilichotangulia: kabla ya bei kuna sahani, na kabla ya sahani kuna mtu anayesema mbele ya wengine, huyu ni wangu. Kwa hiyo sidhani kwamba pesa ndiyo inayoharibu. Kinachoharibu, kama kuna kinachoharibika, ni kitu kingine. Nilikitambua siku ya tatu, tena niliambiwa.

Kwa siku mbili nilikwenda msibani asubuhi na kurudi hotelini usiku. Hakuna aliyeniuliza. Nilichangia, nilikaa na wanaume kwenye moto, nilikula, nikaaga. Shangazi alinishika mkono kila nilipoondoka na kusema, "Haya baba, ufike salama," kama naelekea Dar es Salaam. Nikadhani mambo ni shwari.

Siku ya tatu, ya kumaliza matanga, nilikuwa nimekaa chini ya mwembe nilipofuatwa na bibi mmoja wa upande wa marehemu. Kwa desturi yetu yeye na mimi ni watani: bibi na mjukuu. Tangu nikiwa kidato cha kwanza ananiita mume wangu, na mimi namwambia nitamwoa akiota meno. Msibani watani wana ruhusa ambayo wengine hawana. Wanaweza kumwigiza marehemu alivyotembea, kuomba faini, kuwachekesha wafiwa wakiwa bado na machozi.

"Kitendawili!" akasema kwa sauti, watu wote wasikie.

"Tega."

"Watu wamejaa nyumba, kitanda kimetandikwa, wote wamelala chini."

Nikajaribu. Nikasema kaburi. Akasema hapana. Nikasema mbingu. Watu wakaguna.

"Nipe mji," akasema.

"Nakupa Mwanza."

"Mwanza kuna mawe matupu, nitalima wapi? Nipe mji mwingine."

"Basi nakupa Bariadi."

"Bariadi!" Akageukia watu. "Mnamsikia? Ananipa Bariadi, mji wangu mwenyewe. Anaujua lini huyu? Si mgeni wa hotelini?" Kicheko kikalipuka. Akasubiri kitulie, akatoa jibu: "Ni kitanda cha mume wangu. Kule chumba cha uani. Mkewe wa kwanza anakitandika kila jioni, na mume kalala kwa wanawake wa mjini."

Watu wakacheka tena, mimi pia, halafu nikaelewa, nikaacha kucheka. Nikanyanyuka nikaenda uani. Chumba kilikuwa kimefagiliwa. Kile kitanda cha chuma kilikuwa na shuka safi na neti iliyofungwa fundo juu. Sakafuni, kushoto na kulia, kulikuwa na mikeka ya watu waliolala pale kwa siku mbili bila kukigusa. Binamu yangu alinieleza bila hasira: shangazi alisema kitanda hicho ni cha mtoto wake anayetoka Dar, asilale mtu. Usiku wa kwanza walimngoja hadi saa saba.

Hapo ndipo utetezi wangu wa huruma ulipovunjika. Nilijiona nimempunguzia mtu mzigo, kumbe nimewalaza watu wazima sakafuni pembeni ya kitanda kitupu. Niliamua kwa niaba ya shangazi kwamba hawezi kunibeba, na sikumuuliza. Simu ninayo. Salio lilikuwepo. Huruma isiyouliza ina dharau ndani yake. Inamwambia mwenyeji: najua uwezo wako kuliko wewe.

Tuna methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Siku zote niliichukulia kama adabu tu, kwamba mgeni huleta zawadi au chakula kinapikwa kizuri. Sasa naisoma kama ilivyo. Anayepona ni mwenyeji. Mjane aliyepoteza mtu wa kumtandikia alikuwa amebaki na mtu mmoja wa kumtandikia, na huyo akaenda kutandikiwa na mtu wa mshahara. Nilimnyima shangazi dawa, nikaita hilo kumpumzisha.

Na tuna nyingine: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mwalimu Nyerere aliitumia mwaka 1962 katika kijitabu chake cha ujamaa, kuonyesha kwamba kwenye jamii ya jadi hakuna aliyekula bila kufanya kazi. Ni kweli, lakini nadhani jembe lina maana ya ziada. Anayepewa jembe ameacha kuwa mgeni. Ameambiwa: sasa wewe ni wa hapa, shamba lile pale. Hoteli haimpi mtu jembe. Unaweza kukaa mwaka mzima, watakujua jina, watajua unapenda chai ya tangawizi, lakini siku ya 365 utakuwa mgeni kama siku ya kwanza, na risiti itaonyesha hivyo. Tena huo ndio uzuri wake! Tunapokwenda hotelini tunanunua hasa hilo: kutokudaiwa. Ukirudisha ufunguo, wewe na wao hamna neno.

Ile michoro ya ngazini nayo nikaielewa vizuri zaidi. Ilikuwa inachekesha kweli, aliyeibuni ana kipaji. Ila kitendawili cha ngazini hakina wa kumpa mji. Unashindwa peke yako, unapanda, jibu liko juu. Hoteli inaweza kukuchekesha, haiwezi kukutania, maana kutaniwa kunahitaji kujulikana. Bibi yule alijua kitanda, alijua aliyekitandika, alijua nilichokula miaka ile minne. Mzaha wake uliniuma kwa sababu ulikuwa wa kweli, na haukuvunja undugu kwa sababu ulikuwa mzaha. Mtani huyo huyo ndiye aliyekuwa amechota maji ya kuoshea vyombo vya msiba tangu siku ya kwanza. Utani kwetu una kazi zake.

Kwa hiyo jibu langu ni lipi? Sisemi hoteli ni dhambi. Yupo muuza mitumba kutoka Singida, yupo mwalimu mpya ambaye hajapata chumba, yupo msichana aliyetoroka kuozeshwa. Hao wanahitaji mlango usiouliza, na ninafurahi Bariadi sasa ina milango hiyo katikati ya mji, yenye taa na maji ya moto. Wala sisemi kila ndugu ana haki ya kukulaza. Kuna nyumba ambazo kuzikwepa ni kujiokoa. Na kuna mashangazi ambao, ukiwauliza vizuri, watakwambia: mwanangu, lala huko, mimi nimechoka. Hilo nalo ni jibu la kuheshimiwa, kwa kuwa limetoka kwao.

Ninachosema ni kidogo kuliko hivyo. Kosa langu halikuwa kulipia kitanda. Nilitaka kuwa mtu asiyedaiwa mbele ya watu ambao undugu wangu nao umejengwa kwa kudaiana. Ada ile ya sekondari siwezi kuilipa. Aliyeilipa yuko chini ya udongo wa Bariadi. Nilichokuwa nacho cha kumrudishia ni usiku tatu kwenye chumba cha uani, na viwili kati ya hivyo nilivipeleka ng'ambo ya barabara.

Usiku wa tatu nililala pale. Nilitaka kumwachia kitanda mzee mmoja, shangazi akakataa kwa macho tu, nikanyamaza nikapanda. Kilipiga kelele zile zile. Kama saa sita hivi, nyumba imetulia, shangazi alikuja na kigoda akakaa mlangoni, akanisimulia wiki za mwisho za mumewe. Mambo ambayo mchana hayasemwi, na kwa mtu anayesubiri bodaboda ya kurudi hotelini hayasemwi kabisa. Mengine ni ya familia, sitayaandika. Moja tu nitalisema: alikuwa akiniulizia.

Asubuhi bibi alinipitia dirishani akiwa na jembe begani. "Mwangaluka, mume wangu. Siku ya tatu imepita." Tukaenda kulifukia shimo la taka la msiba. Nililima vibaya, akanicheka hadi viganja vikatoka malengelenge.

Mwaka huu nitakwenda tena Bariadi. Sijui nitalala wapi. Nitapiga simu kwanza.